Ndege wa porini akizoea nyumbani kwako, anaamini nini hasa: sahani, saa au sura yako?

#1 Kibarazani
Wakuu, salaam. Nina dai na nina swali.

Watu wakiona tetere, shore na shomoro wanashuka uani kula nafaka husema "wamenizoea". Mimi nasema wameizoea sahani. Chakula kinamleta ndege, hakimtulizi. Kinachomtuliza ni saa. Akishajua kwamba saa 12:30 asubuhi mlango unafunguliwa, sahani inawekwa palepale na hakuna baya linalofuata, anapunguza woga siku hadi siku. Badilisha saa uone: hata umwage gunia zima, atabaki juu ya mwembe anakutazama.

Utaratibu wenyewe. Chagua mahali pa wazi penye kichaka au mti mita mbili mpaka tatu kutoka hapo. Ndege apate pa kukimbilia, paka asipate pa kuvizia. Sahani iwe pana, ya udongo au ya bati lililofifia, isiyong'aa. Siku saba za kwanza weka chakula, ingia ndani, funga mlango. Wiki ya pili kaa kwenye kigoda mita kumi kutoka kwenye sahani, bila kuhamahama. Kila baada ya siku tatu sogea nusu mita. Wakiruka wote kwa mpigo, rudi nyuma mita moja na ukae hapo siku tatu nyingine. Kutoka mita kumi hadi mbili ni siku 48 ikiwa hakuna kilichoharibika. Wengi wanataka wiki moja, ndipo wanapofeli.

Swali sasa: mtu mwingine akikalia kigoda kile, saa ileile, nyumba nyingine ndege wanashuka kama kawaida, nyingine wanagoma kabisa. Kwa nini?

#2 Bi Mshubiri
Kwa sababu wanasoma sura. Hili lilipimwa kwa kunguru wa Marekani. Mwaka 2006, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, John Marzluff na wenzake walikamata kunguru saba wakiwa wamevaa barakoa ya mtu wa mapangoni, kisha wakawaachia. Baada ya hapo kila aliyepita na barakoa ile alizomewa, awe mnene au mwembamba, mwanamke au mwanamume. Aliyevaa barakoa nyingine alipita salama. Na miaka ilivyoenda waliokuwa wakizomea wakawa wengi kuliko wale saba waliokamatwa, maana wengine walijifunza kwa wenzao. Hapo saa iko wapi?

#3 Mchele Mwekundu
Shukrani #1. Kiasi gani cha chakula kwa siku? Na ni nafaka ipi?

#4 Kibarazani
@Mchele Mwekundu, kiganja kimoja kisichojaa, gramu 30 mpaka 40, asubuhi saa 12:30 na jioni saa 10:30. Kipimo halisi si gramu, ni muda: kiishe ndani ya nusu saa. Kikibaki umezidisha, na mabaki ndiyo yanaita panya. Uwele ni bora kwa tetere na shomoro, chenga za mchele zinafuata. Mtama mzima ni mkubwa kwa ndege wadogo, uvunje kwanza.

@Bi Mshubiri, kunguru ni kunguru. Usimpe tetere akili ya kunguru.

#5 Papai Bivu
Kuna kosa kwenye #1 lisiachwe lipite. Shore hali uwele. Shore ni wa matunda na wadudu. Ukimwona kwenye sahani ya nafaka, amefuata sisimizi au ganda la ndizi. Mtu akifuata maelezo yale kumpata shore atakaa kwenye kigoda mpaka masika.

Shore anataka hivi: kata papai bivu kwa urefu, mbegu zake zibaki humo humo, lichomeke kwenye msumari uliogongwa kwenye kijiti imara, urefu wa mita moja na nusu kutoka chini. Ndizi nayo mbivu yenye madoa, menya upande mmoja tu ili isidondoke. Toa mabaki kila jioni. Tunda likilala nje usiku linachacha, asubuhi linajaa nyigu, na ndege wanaliacha. Kwa matunda utampata shore, kuzumburu na, kwa walioko Arusha au Nairobi, kwezi wa tumbo la rangi ya chungwa. Huyo kwezi ndiye mwepesi kuzoea kuliko wote niliowataja.

#6 Wimbi la Kisumu
Tuelewane kwa majina kwanza. Shore unayemsema ni yule wa kahawia, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia? Na huku Kenya ulezi tunauita wimbi, mtu asije akaenda dukani kuuliza ulezi akaambiwa hakuna. Wimbi pia ndege wadogo wanaupenda.

#7 Papai Bivu
Ndiye huyohuyo. Na shomoro wengine wanamwita jurawa, ni ndege mmoja.

#8 Kibarazani
Nimekubali kuhusu shore. Nilimweka kwenye orodha kimakosa.

#9 Daktari wa Mdondo
Kabla hamjaenda mbali kwenye imani, mjue sahani inaweza kuua. Kuna mambo manne ambayo naona yanarudiwarudiwa.

Kwanza, karanga na mahindi yaliyovunda. Watu wanasema "haya hatuli, tuwape ndege". Ukungu ule unatoa sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Ndege wa gramu 20 hana ini la kuhimili. Kama wewe hungeila, usimwekee.

Pili, mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani. Hizo ni sumu hata ukiziosha. Usichanganye.

Tatu, njiwa na tetere wana ugonjwa wa koo unaosababishwa na kijidudu kiitwacho trikomonasi. Kinaishi kwenye mate na kinapita kwenye maji na chakula kilicholowa. Dalili: ndege amejikunyata, manyoya yamevimba, anameza kwa shida, mdomo umelowa. Ukiona mmoja hivyo, ondoa sahani na maji angalau wiki mbili ili watawanyike. Inauma kuvunja ratiba, lakini ndiyo njia. Uingereza ugonjwa huu uliingia kwa chiriku wa kijani kuanzia 2005 na ukawapunguza sana, na kwenye sahani za bustani ndiko ndege hukutana.

Nne, mwenye kuku asiweke sahani ya ndege karibu na banda. Mdondo (wengine mnaita kideri) unatembea njia zote mbili.

Usafi: mara moja kwa wiki sugua sahani kwa brashi, loweka kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika kumi, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa. Kukauka ndiko kunaua kijidudu kile, hakivumilii ukavu.

#10 Mchele Mwekundu
Daktari, asante. Mchele mbichi je? Nasikia unavimba tumboni ndege anapasuka.

#11 Daktari wa Mdondo
Si kweli. Waulize wakulima wa mpunga Kilombero kama kuna ndege aliyepasuka. Visivyofaa ni chumvi (bisi za dukani, korosho za kukaanga, kumbikumbi wa chumvi), maziwa, na parachichi, ambalo lina sumu kwa ndege. Mkate haudhuru papo hapo ila unamjaza bila kumlisha. Ugali unanata mdomoni na unachacha upesi kwenye joto.

#12 Upepo wa Kusi
Huku pwani maelezo ya #1 yatakupa kitu kimoja: kunguru. Si yule wa shingo nyeupe, huyu mweusi wa kijivu aliyeletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890. Ukiweka sahani wazi Dar, Tanga au Mombasa, siku ya nne wapo ishirini, na wanachofanya baadaye ni kutafuta viota vya wale wadogo uliowaita. Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaua milioni moja. Kwa hiyo kumzoesha huyu uani kwako ni kumfuga adui wa tetere wako.

Tiba ni kizimba. Chukua wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita tano kwa tano, kunja uwe kama sanduku lenye ubavu wa sentimita 60, funika sahani ndogo ya upana wa sentimita 10 katikati. Shomoro na mnana wanapita, kunguru hapiti, na kwa kuwa sahani iko sentimita 25 kutoka kila ukingo mdomo wake haufiki. Ncha zote za waya zikunje kwa koleo zitazame nje ya njia ya ndege, waya ukiwa wazi unakata miguu. Tetere naye hataingia, hilo lazima ulikubali. Ndege wataogopa kizimba siku tano mpaka kumi. Usikiondoe wakigoma, ukikiondoa na kukirudisha unaanza upya.

#13 Kijana wa Ubena
Wakuu, kwani si rahisi kumnasa mmoja, kumweka tunduni wiki moja akuzoee, halafu kumwachia?

#14 Bi Mshubiri
Mwanangu, hapana. Moja, kunasa ndege wa porini bila kibali ni kosa: Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya kuna ya 2013. Mbili, soma tena #2. Wale kunguru saba walishikwa na kuachiwa bila kuumizwa. Matunda yake ni kuzomewa miaka. Mkono uliomshika ndege ndio anaoukumbuka kuliko mkono uliompa papai.

#15 Kijana wa Ubena
Nimeelewa mama, shikamoo.

#16 Msikilizaji
Mmesema sahani, saa, sura. Mmesahau sauti, na sauti ndiyo yenye ushahidi wa hapa kwetu.

Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki porini. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa mlio wa "brrr" unaomalizika kwa "hm". Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mtu akitoa mlio huo, nafasi ya kuongozwa na mlembe ilipanda kutoka asilimia 33 hadi 66 ukilinganisha na kupiga sauti nyingine. Kisha 2023 wakalinganisha na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, ambao humwita kwa mluzi. Mlembe wa kule aliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Ndege yule yule wa jamii moja, lakini anajua sauti ya watu wa mahali pake.

Kwa hiyo nyumbani: kabla ya kuweka sahani piga mluzi mmoja wa noti mbili, uleule kila siku, na usiupige wakati mwingine wowote. Gonga ukingo wa sahani mara mbili ikiwa hujui mluzi. Baada ya wiki tatu au nne utaona wanateremka matawi ya chini kabla hujaweka kitu. Faida yake kubwa ni kwamba siku ukichelewa, mluzi unaziba pengo la saa.

#17 Kibarazani
@Msikilizaji, hili limenigusa. Lakini mlembe anafuata nta. Mtu akipasua mzinga, yeye anakula nta na majana yaliyobaki. Hiyo ni biashara, si imani.

#18 Msikilizaji
Na uwele wako ni nini?

#19 Upepo wa Kusi
Hapo #18 amekubana mkuu.

#20 Papai Bivu
Mimi naona nyote mnasahau mwili. Ndege anaogopa umbo kabla hajaogopa mtu. Macho mawili yanayomkazia kutoka mbele ni macho ya bundi, ya paka, ya kipanga. Kaa ubavu, usimtazame, tazama sahani au kitabu. Kaa chini, usisimame: mtu akisimama ghafla ndiyo kosa linalofuta kazi ya wiki mbili. Usiinue mkono juu ya usawa wa bega. Ukitaka kuondoka, subiri wamalize wenyewe, au kohoa kidogo, subiri, ndipo unyanyuke polepole. Kofia pana na mwavuli acha ndani.

Hii inajibu swali la #1 bila sura wala saa. Mgeni akikalia kigoda chako anaelekeza uso kwenye sahani kwa sababu anataka kuwaona ndege. Wewe umeshawachoka, huwatazami. Wanaruka kwa macho yake, si kwa ugeni wake.

#21 Wimbi la Kisumu
Nguo je? Shati jekundu?

#22 Papai Bivu
Rangi ndege wanaiona vizuri kuliko sisi, kwa hiyo usibadilishe hovyo. Vaa shati moja la rangi iliyopoa mpaka ufike mita tatu. Baadaye badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

#23 Mama Kiota
Nauliza la haraka. Uani tetere walikuwa kumi na zaidi kila asubuhi, wamefika mita tatu, ratiba haijaguswa. Tangu mwanzo wa Aprili hawashuki kabisa. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichohamishwa.

#24 Kibarazani
Masika. Mvua ikinyesha wiki tatu majani yanazaa mbegu, na mbegu laini za majani ni tamu kuliko uwele mkavu. Usiongeze chakula, punguza kiwe nusu, ila saa usiiache. Watarudi kiangazi.

#25 Upepo wa Kusi
Wote kwa mara moja? Hiyo ni kipanga. Tazama chini ya miti kama kuna manyoya yamesambaa kwenye duara. Ndege akinyakuliwa kwenye sahani, walioona hawarudi upesi. Hamisha sahani karibu zaidi na kichaka, na isiwe katikati ya njia ndefu iliyo wazi.

#26 Daktari wa Mdondo
Au wamehama sahani yenye ugonjwa. Tafuta mzoga.

#27 Mzee wa Kihamba
Au watoto wa jirani wana manati. Manati hayaachi manyoya kwenye duara wala mzoga, kwa sababu ndege anaokotwa na kuchomwa.

#28 Mama Kiota
Mzee, manati yapo. Shule zilifungwa mwishoni mwa Machi.

#29 Mzee wa Kihamba
Basi ndilo ninalotaka mlifikirie, maana mnabishana saa, sura na sauti kama vile ni mchezo wa akili. Kwa ndege ni uhai wake. Kama tetere amekuamini wewe, kwa sura yako, hana hasara: mtoto mwenye manati akija ataruka. Lakini kama amejifunza kwamba *watu* hawana neno, basi mmemvua ngao yake. Ndege wa mjini huruka mtu akiwa karibu sana kuliko wa shamba, na hawamjui kila mpita njia kwa sura. Wamezoea binadamu kwa jumla. Huko mnakowapeleka ni huko.

Ushauri wangu: mita mbili inatosha. Kula mkononi kusitafutwe kwenye mtaa wenye manati. Na kabla ya kuanza, zungumza na watoto wenyewe. Wape kazi: mmoja ajaze maji, mwingine ahesabu. Mtoto anayehesabu tetere hawapigi.

#30 Bi Mshubiri
Mzee, shikamoo. Hilo nimelikubali, na lina ushahidi upande wa sura. Florida, mwaka 2009, ilichapishwa kazi juu ya ndege waigaji wa milio wanaotaga kwenye eneo la chuo kikuu. Mtu mmoja alikikaribia kiota na kukigusa siku nne mfululizo. Kila siku mama aliruka mapema zaidi na kumshambulia kwa ukali zaidi. Siku ya tano akaja mtu mwingine: ndege akatulia kama siku ya kwanza. Huyo si kunguru, Kibarazani. Ni ndege mdogo wa bustani.

Hapo hapo niseme: wakati wa kiota achana na mazoezi yote. Chozi akitundika kiota kwenye waya wa baraza lako, amekuamini vya kutosha. Ukigusa kinda mama atamtupa kwa harufu yako.

#31 Daktari wa Mdondo
La harufu si kweli, ndege wengi hawamtupi kinda kwa kuguswa. Ubaya ni muda: ukisimama pale dakika ishirini mama hashuki kulisha, na kunguru anakufuata kwa macho. Kinda mwenye manyoya aliye chini mara nyingi anajifunza kuruka, mwache, funga paka. Asiye na manyoya mrudishe kiotani, ondoka.

#32 Bi Mshubiri
Nimesahihishwa, asante. Kwa wanaotaka chozi: panda mshubiri, na ukiwa na migomba usikate ua la mgomba mapema. Simama hapo dakika tano asubuhi utamwona ananing'inia kichwa chini, anaingiza mdomo chini ya kila ganda jekundu, moja baada ya jingine. Maji ya sukari yapo (sukari kipimo kimoja, maji vinne, bila asali, bila rangi, yabadilishwe kila siku), lakini sukari peke yake haimlei, anahitaji buibui na wadudu. Mwenye kupulizia dawa bustani nzima asimngoje chozi.

#33 Msikilizaji
Maji hayajatajwa, na kiangazi yanavuta ndege kuliko chakula. Sahani ya chini ya chungu cha maua, kina sentimita mbili na nusu ukingoni hadi tano katikati, isiwe laini, weka mawe bapa. Mimina upya kila siku, vinginevyo unafuga mbu. Shore, ambaye hali uwele, utampata hapa bila papai.

#34 Kibarazani
Turudi kwenye swali. Bi Mshubiri anasema sura, Papai Bivu anasema macho, Msikilizaji anasema sauti, mimi bado niko kwenye saa. Inapimika. Watu wawili wa nyumba moja, kigoda kimoja, shati moja la kubadilishana. Siku kumi mwenyeji, siku kumi mgeni. Wote watazame kitabu. Kila siku mtu akishakaa, mwingine ahesabu dakika mpaka ndege wa kwanza ashuke, na mtu akinyanyuka kumwendea, ahesabu zimebaki hatua ngapi ndege anaporuka.

#35 Papai Bivu
Siku kumi mfululizo kila mmoja? Mgeni atakuwa mwenyeji kufikia siku ya sita. Pokezaneni kwa kupiga shilingi kila asubuhi.

#36 Bi Mshubiri
Na mluzi usipigwe.

#37 Msikilizaji
Upigwe na wote wawili, kama ni sauti ndiyo itaonekana.

#38 Mama Kiota
Nimetazama chini ya mwarobaini kama alivyosema #25. Manyoya yapo, ya kijivu, kama ya tetere mmoja, kwenye duara. Na manati yapo vilevile. Nianze na lipi?

#39 Mzee wa Kihamba
Watoto leo jioni. Sahani uisogeze kesho.